Wapolandi wa Njia ya Pugu

Asubuhi ile nilikuwa nikitwanga kisamvu, na baba mkwe wangu, Mzee Kondo, alikuwa akiyapanga mataifa.

Ilikuwa kazi yake tangu vita vianze. Alikaa kibarazani kwetu Temeke, na kila aliyepita njia akimwamkia alijibiwa marahaba na kuulizwa habari za vita palepale. Akishazipata, aliwapanga Wazungu upya. Mwingereza juu. Mjerumani alikuwa juu, akaanguka, sasa anapanda tena. Mtaliano chini, maana watoto wetu wamemshinda Uhabeshi. Mbelgiji chini zaidi. Alijiona ana haki ya kuwapanga, kwa sababu katika vita vya kwanza alikuwa askari wa Mjerumani, akatekwa na Wabelgiji huko Tabora, akaishia kubeba mizigo ya Waingereza.

"Mie nimechapwa viboko na mataifa matatu," alipenda kusema. "Nani mwingine hapa Temeke anayajua kama mie?"

Mwanawe wa pekee, Seifu, ndiye aliyekuwa mume wangu. Alichukuliwa jeshini mimba yangu ikiwa changa, na Zuhura alizaliwa baba yake yuko Kenya akifundishwa vita. Nilikuwa kijana. Nilimfunga mwanangu mbelekoni, nikatwanga, nikachota maji, nikangoja.

Siku hiyo jumbe alipita na jambo jipya. Serikali inatafuta wanawake wa kufua na kupika kwenye mabanda ya reli, njia ya Pugu, kabla hujafika Gongo la Mboto. Wageni wanakuja. Wazungu, wengi, na watakaa hapo mpaka wapate treni ya kuwapeleka bara.

"Wazungu gani?" Mzee Kondo aliuliza, ameshasimama.

"Wapolandi."

Mzee Kondo aliyahesabu mataifa yake kwa vidole. Hakuwa na mahali pa kuwaweka.

Treni iliyowatoa bandarini ilipofika, nusu ya Temeke ilikuwa imeshajipanga kando ya reli. Watu walikuwa wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Tulizoea kwamba Mzungu akishuka mahali hushuka na masanduku, na mtu wa kuyabeba, na mtu wa kumshikia mwavuli. Basi tulikuwa tunasukumana ili tuone masanduku.

Milango ya mabehewa ikafunguliwa, na kelele zetu zikakatika.

Walishuka wanawake na watoto, na wazee wachache. Vichwa vyao vilikuwa vimenyolewa. Mmoja alivaa koti la askari, na chini hakuwa na kiatu. Mwingine alifunga miguu kwa matambara. Watoto walikuwa na matumbo makubwa na miguu myembamba kama ya korongo. Mwanamke mmoja alipiga magoti pale pale, akaushika mchanga wetu kwa viganja viwili, akauachia, akaushika tena.

Nyuma yangu mtu alisema polepole, "Hawa nao ni Wazungu?"

Kisha mama mmoja wa Keko akafungua fundo la kanga yake, akatoa ndizi, akamnyooshea mtoto aliyekuwa karibu. Mtoto akaila na ganda lake. Basi! Kilichofuata siwezi kukieleza sawasawa. Ndizi, mihogo ya kuchemsha, nusu ya mkate, kila mtu alitoa alichonacho, askari wakipiga kelele turudi nyuma na hakuna aliyerudi. Tulicheka, tulilia, sijui. Tangu tuzaliwe hatukuwa tumempa Mzungu kitu ambacho hakukiamuru.

Kesho yake Mzee Kondo mwenyewe alikwenda kambini na fimbo yake kutafuta maelezo. Alimpata Karani Elia, kijana wa Kichaga aliyevaa soksi ndefu, Mkristo mpole aliyewekwa pale kwa sababu ya Kiingereza chake. Baadhi ya wageni walijua Kiingereza, na Elia alikuwa ameshawauliza mengi.

Elia alichora nchi mavumbini kwa kijiti. "Hii ndiyo Polandi, mzee. Mjerumani aliingia kwa huku. Mrusi akaingia kwa huku. Wakakutana katikati, wakaigawana."

"Wenyewe wakiwapo?"

"Wenyewe wakiwapo. Hawa akina mama Mrusi aliwapeleka kwenye nchi ya barafu, wakakatishwa miti. Halafu Mjerumani akamgeukia Mrusi mwenyewe, ndipo Mrusi akawaachia. Wamepita Uajemi, wakapita Bara Hindi, ndio hawa."

"Na Mrusi sasa si rafiki wa Mwingereza?"

"Ni rafiki, mzee. Wako upande mmoja."

Mzee Kondo aliugusa mchoro kwa ncha ya fimbo. "Kwa hiyo aliyemfukuza huyu mama kwake ni rafiki wa huyu anayempokea."

"Ndivyo."

"Na huyu mama yuko upande gani?"

"Upande wao huohuo."

Mzee Kondo alipiga kofi pajani, akacheka mpaka machozi, kisha uso wake ukabadilika. "Sie pia tuligawiwa," alisema. "Mjerumani aliposhindwa, wakubwa walikaa mezani huko kwao, wakampa Mwingereza Tanganyika. Mie nilisikia kwa jumbe, nikiwa shambani. Lakini nilidhani hayo ni mambo ya watu weusi."

Mimi nilikuwa nafua karibu na banda la kina mama wenye watoto wachanga. Humo alikuwamo mwanamke anaitwa Halina. Alikuwa mrefu, mifupa mitupu, na macho ya kijivu ambayo hayakushuka mbele ya mtu. Mwanawe, Yan, alizaliwa njiani, Uajemi, akawa sawa kwa umri na Zuhura wangu. Lakini ukimweka mmoja kando ya mwingine, hungedhani hivyo. Yan alikuwa mwepesi kama ndege aliyenyonyolewa. Alipewa maziwa ya kopo, akayatapika. Alipewa ya ng'ombe, akaharisha. Mama yake alimweka kifuani siku nzima na hapakuwa na kitu.

Siku moja nilikaa kivulini nimnyonyeshe Zuhura. Nikahisi natazamwa. Halina alikuwa amesimama mbele yangu, na aliniangalia kifua kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Alinyoosha mikono yote miwili, na Yan alikuwa juu yake.

Nilitazama huku. Nilitazama kule.

Nilimpokea.

Mwanzo hakujua la kufanya. Kisha akakamata, na alikamata kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwenye mwili ule. Maziwa yalimtoka pembeni mwa mdomo. Halina alikaa chini ghafla, akaushika ukingo wa kanga yangu na hakuuachia mpaka mtoto alipolala. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona, na hofu pia, kwa sababu mke hanyonyeshi mtoto wa watu bila ruhusa ya mumewe.

Jioni nilimwambia baba mkwe, macho chini. Niliona vidole vyake vikihesabu tasbihi.

"Seifu hayupo," alisema mwisho. "Ruhusa naitoa mie. Endelea. Lakini ujue sheria, mwanangu. Akishanyonya kwako amekuwa ndugu wa Zuhura. Hawataoana kamwe."

"Nani anayewaza kuoana, baba?"

"Sheria ni sheria." Alisimama, akavaa kofia yake, na kabla ya adhana ya isha Temeke nzima ilikuwa imearifiwa kwamba Mzee Kondo ana mjukuu Mpolandi.

Yan alianza kujaa. Mashavu yakaonekana. Wanawake wa Kipolandi wakanipokea kila asubuhi kwa vifijo, wakanifundisha maneno yao, nami nikawafundisha yangu, na tulipokosea tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halina alikuwa akinitua ndoo na kufua badala yangu wakati nikiwa na watoto wawili kifuani. Watu walipita kutazama: Mzungu anafua, na mwanamke wa Kizaramo amekaa.

Nadhani huko kutazama ndiko kulikotuponza.

Mkuu wa kambi alikuwa mwanamke wa Kiingereza, memsahibu mnyoofu aliyevaa nguo nyeupe za kuuguza. Alitukuta kivulini. Alikuwa na kile Kiswahili cha kuamrishia jikoni. "Wewe! Hapana! Toa toto!" Kisha akageukia Kiingereza, na kilikuwa kirefu. Elia alisimama akipepesa macho.

"Anasema kuna magonjwa," alinitafsiria.

"Mimi ni mgonjwa?"

Elia alishusha sauti. "Anasema pia kwamba hawa ni Wazungu ijapokuwa hawana kitu. Wenyeji wakizoea kuwaona hivi, kesho watamwonaje Mwingereza? Samahani, dada. Maneno ni yake, si yangu."

Nilifukuzwa kazi. Lango likawekwa askari, na amri ikawa fupi: mwenyeji asiingie, mgeni asitoke.

Nilikwenda kwenye seng'enge ya kambi kila asubuhi hata hivyo, na Zuhura mgongoni, na wanawake wenzangu wa Temeke wakafuatana nami. Maziwa yaliniuma. Ng'ambo ya seng'enge Halina alimwinua Yan nimwone. Kila siku alikuwa mdogo zaidi. Elia alituambia kwamba Halina amekwenda kwa memsahibu, amepiga magoti, ameambiwa daktari ataletwa, na daktari haji.

Siku ile jua lilikuwa kali. Mzee Kondo naye alikuwapo, amekuja kumtazama mjukuu.

Halina alitoka bandani.

Alikuwa pekupeku. Yan alikuwa kifuani, kichwa kimelegea.

Alikuja moja kwa moja langoni.

Askari wa lango alikuwa Mnyamwezi mrefu. Aliikingamisha bunduki, ikaziba njia. Kumgusa mwanamke wa Kizungu kulikuwa jela, na kila askari alilijua hilo kuliko alivyoijua bunduki yake. Lakini huyu hakuwa na viatu.

"Dada," aliniita kwa mnong'ono, bila kugeuza shingo. "Huyu ni Mzungu au si Mzungu?"

"Mwulize mwenyewe."

Halina hakusimama. Alifika kwenye bunduki, akaisukuma kwa mkono kama mtu anavyosogeza tawi njiani.

Akapita.

Bunduki haikulia. Nilikuwa nimefumba macho; nilipofumbua alikuwa amekaa mavumbini mbele yangu, na Yan yuko mapajani mwangu.

Hakuwa analia tena. Nilimweka, hakukamata. Nilikamua matone kwenye midomo yake.

Yakatiririka kidevuni.

Nilikamua tena. Mzee Kondo alikuwa akisoma kitu kwa sauti ya chini, mfululizo, bila kupumua.

Ulimi ukatikisika.

"Anameza!" nilipiga kelele. "Anameza!"

Wanawake wa Temeke walipiga vigelegele vikaenda mpaka relini. Na hapo lango likajaa. Wapolandi walikuwa wanatoka, wote, wazee kwa watoto, wakaja wakakaa mavumbini kutuzunguka, na wanawake wetu wakakaa katikati yao. Memsahibu alifika mbio, uso mwekundu, na hakuweza kupenya.

"Shika hawa!" alimwamuru askari.

Askari alitutazama, kichwa kwa kichwa. "Wepi, memsahibu?"

"Mjukuu wangu huyo!" Mzee Kondo alikuwa akimwonyesha kila mtu kwa fimbo. "Mjukuu wangu!"

Daktari wa jeshi aliletwa mchana ule, sasa kwa haraka. Alimpima Yan, akanipima mimi, akasema maneno machache. Elia alitabasamu alipoyatafsiri: maziwa ni maziwa, na mtoto asitolewe. Baadaye alimnong'oneza Mzee Kondo kwamba daktari yule si Mwingereza hasa, ni Mskoti, na nchi yake ina malalamiko yake ya zamani juu ya Mwingereza. Mzee Kondo alishika kichwa. Siku hiyo alikwenda kulala bila kupanga taifa lolote.

Nilirudishwa kazini. Memsahibu alitundika pazia kwenye kona ya banda, na mimi nilinyonyesha nyuma ya pazia. Kila mtu alijua kilichokuwa nyuma yake. Nadhani pazia lilimtosha.

Mvua za vuli zilipoanza, treni ya bara ikaja. Yan alikuwa amenenepa vya kutosha kunipiga teke. Halina alinikumbatia mbele ya watu wote, akasema jina langu, "Mwantumu," akilivunja katikati kama kawaida yake. Waliondoka wakiimba nyimbo zao za kanisani, na sisi tulikimbia na treni mpaka pumzi zikatuishia.

Seifu alipelekwa Burma. Jumbe alikuja kwetu asubuhi moja, kofia mkononi. Mzee Kondo alimwona tangu mbali na hakumwuliza habari za vita.

Sikuonyeshwa mwili wa Seifu, wala nguo.

Vita vilipokwisha palikuwa na gwaride kubwa mjini, na sherehe, na bendera za walioshinda kila mahali. Mzee Kondo alitaka kwenda. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, nikamshika mkono. Tulikutana na Elia, na mzee akamwomba amtajie bendera moja moja. Mwingereza. Mmarekani. Mrusi. Mchina. Mfaransa.

"Na ya Wapolandi?"

"Haipo, mzee."

"Walihamia kwa Mjerumani?"

"Hapana. Walipigana na Mjerumani mpaka mwisho."

Mzee Kondo alisimama pale huku ngoma za jeshi zikipita. "Turudi nyumbani," alisema.

Miaka ilipita. Siku moja Zuhura, aliyekuwa ameshaanza chuo cha Kurani, alikuja mbio kutoka njiani akisema kuna Mzungu anauliza nyumba yetu kwa Kiswahili. Nilitoka na unga mikononi. Halina alikuwa amesimama mbele ya baraza, nywele zimeota, zina mvi. Amevaa viatu.

"Shikamoo, baba," alimwambia Mzee Kondo, kwa Kiswahili cha bara. Walimpeleka Tengeru, karibu na Arusha, na huko alijifunza sokoni. Kwa mara ya kwanza tuliweza kuzungumza. Tulizungumza wote kwa pamoja, tukikatizana, tukishikana mikono, na mzee akitaka aelezwe kila kitu mara mbili.

Kisha nikauliza nilichoogopa kuuliza.

"Yan alipata homa," alisema. "Malaria. Alikuwa anatembea tayari. Alikuwa anasema 'mama' kwa lugha mbili."

Zuhura alikuwa mlangoni. Nilimwita, nikampakata, ingawa alikuwa mkubwa mno kupakatwa.

Mumewe Halina alikufa Italia, kwenye mlima mmoja, katika jeshi lililokuwa chini ya Waingereza. Nikamwambia Seifu alikufa Burma, chini ya Waingereza haohao. Mzee Kondo alimwuliza kwa nini harudi kwao, vita si vimekwisha, Mjerumani si ameshindwa?

"Wakubwa watatu walikaa mezani," Halina alisema. "Walipomaliza, mji wangu ulikuwa Urusi. Nyumba haikuhama, baba. Nchi ndiyo iliyohama. Na Mwingereza alisaini."

"Ninyi hamkuitwa mezani?"

"Hatukuitwa."

Mzee alitikisa kichwa.

Meli yake ilikuwa inangoja bandarini. Alikuwa anakwenda Uingereza kufanya kazi hospitalini, kuosha sakafu na vyombo. Kwa walioshinda, alisema. Alipokuwa anaondoka aliniambia mahali lilipo kaburi la Yan huko Tengeru, safu ya pili kutoka ukutani, na akaniomba nikipata mtu wa kwenda huko nimwambie asimame kidogo.

Sikupata mtu. Nilikwenda mwenyewe, baada ya Zuhura kuolewa na mwalimu wa huko Arusha. Mzee Kondo alikuwa ameshafariki. Zuhura alinisomea jina lililoandikwa, akanitajia na mengine ya jirani, mengi ya watoto. Tuliinama tukang'oa magugu. Udongo wa kule ni mweusi na unashika mkono.

Watu wakinikuta wananiuliza nani alishinda vita vile, nami nawajibu, kwa sababu ni kweli: tulishinda. Mimi na Halina tulikuwa upande wa ushindi tangu siku ya kwanza. Kaburi la Seifu sijaliona, wala sitaliona, niko mzee sasa. Huwa namwomba Mungu kwamba huko Burma kuna mama, asiyejua jina la Seifu wala nchi aliyotoka, ambaye akipita kaburini kwake huinama akang'oa magugu.